Treni Inayokwama Namtumbo

Matarawe, Songea
12 Januari 1992

Mdogo wangu Aidani,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani, inachelewa tu kama barua zako. Hujambo huko Mpika? Wifi Adela hajambo? Watoto wameanza muhula, au huko Zambia shule zinafunguliwa wanapotaka wao?

Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua imekuja na mahindi yamefika kiunoni, ila mbolea siku hizi kila mtu ajinunulie kwa bei ya mwenye duka, kwa hiyo shamba la shemeji yako Fidelisi limekuwa kijani upande mmoja na njano upande wa pili, na mwenyewe akilipita anaangalia pembeni. Mjini vitu vimejaa. Yule Mkinga wa Majengo aliyekuwa akiuza chumvi na sabuni za mche sasa ana redio, feni, na adapta za kutoka Dubai. Kanisani Jumapili ukikaa viti vya nyuma, kwa makoti ya mitumba utadhani uko Ulaya. Karibu nyumbani uone mambo ya ruksa.

Baba ni mgonjwa kidogo. Usiwe na wasiwasi, kaza moyo. Ukipata nafasi ya kuja, ingekuwa vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Tumehamia kwa baba, mimi na Fidelisi, na katika kupanga chumba cha nyuma nimeondoa magunia juu ya ule ubao wa treni zetu za kuchezea. Aidani, upo. Reli zimeshika kutu, lakini zimekaa vilevile alivyozipigilia baba, kutoka mlangoni Mtwara mpaka chini ya dirisha Songea. Hata vibao vya stesheni vipo: Masasi, Nakapanya, Tunduru, Namtumbo. Nimezisugua reli kwa msasa siku nzima, nikanunua adapta kwa Mkinga, na treni yangu imetembea. Nimelia kidogo, usimwambie mtu.

Ya kwako haitembei kwa sababu waya wa juu haupo. Nguzo nyingi zimeanguka, na waya sijui nani alifungia nini. Baba anakaa pale asubuhi, anaitazama treni yangu inakwenda na kurudi, halafu ananionyesha juu kwa kidole. Anataka na ya kwako. Ningemuuliza yeye mwenyewe namna mlivyoufunga ule waya, lakini siku hizi hapendi kuongea sana. Basi nieleze wewe. Mimi nilikuwa nasonga ugali wakati ninyi wanaume mnafanya mambo ya maana.

Ni mimi dada yako,
Yasinta

*

Mpika
23 Februari 1992

Dada Yasinta,

Shikamoo. Barua yako imenifikia wiki iliyopita, ikiwa imelowa kona moja. Sisi ni wazima. Adela anakusalimu, watoto pia. Karakana inapunguza watu, kila Ijumaa kuna majina ukutani, na mimi bado simo. Nchi hii nayo imepata serikali mpya, bei nazo mpya. Hamisi, yule rafiki yangu Myao wa Nakapanya tunayefanya naye kazi kwenye injini, amekaa nami jioni nyingi tangu barua ifike. Ndiye aliyenisomea mara ya pili, kwa sababu macho yangu yalikataa.

Nimeelewa, dada. Nimeelewa ulichoandika na ambacho hukukiandika. Asante kwa kunihurumia. Wewe ndiye mkubwa wetu sasa.

Kuja sitaweza kwa sasa. Usinilaumu.

Kuhusu waya, nitakueleza kila kitu, maana kukieleza kunanipa nafuu. Unakumbuka tulivyokuwa tunagombana? Bruda Otto alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia baba lile sanduku, shukrani ya miaka yote ya kutengeneza umeme pamoja pale misheni. Ndani kulikuwa na vichwa viwili vya treni lakini njia moja. Ukiwasha umeme, vyote viwili vinaondoka pamoja. Ukizima, vyote vinasimama. Wewe unataka yako iende Masasi, mimi yangu isimame Tunduru, basi ni ngumi. Mama akasema vitu hivi virudishwe Ulaya. Ndipo baba akasema kila mtoto atakuwa na umeme wake.

Treni yako inakula umeme kwenye reli mbili, inachukua huku na kurudishia kule. Yangu baba aliikata isichukue chochote kwenye reli ya upande wa kabati. Inachukua kwenye waya wa juu, kwa ule mkono wa kukunja ulio mgongoni, na kuurudisha kwenye reli ya upande wa dirisha. Reli hiyo ya dirishani ni yetu sote wawili. Kwa hiyo tafuta adapta ya pili. Waya wake mmoja uende juu, na wa pili ufunge kwenye reli ya dirishani, hapohapo ulipofunga wa kwako. Ukikosea ukafunga kwenye reli ya kabati tutarudi kugombana.

Nguzo ni njiti za baiskeli. Waya ni shaba ya mota ya mashine ya kusagia iliyoungua. Baba aliifumua usiku na mchana, na mimi nikawa nashika donge kama mtu anayesaidia kufuma sweta. Waya usiupitishe katikati moja kwa moja. Upeleke kushoto kidogo, halafu kulia kidogo, ili usiukwaruze mkono wa treni mahali pamoja mpaka ukatike. Baba alisema hata mtu anayebeba kuni hubadilisha bega.

Nimefanya kazi na treni miaka kumi na sita, dada, na zote ni za mafuta. Treni ya umeme niliyowahi kuendesha maishani ni hiyo tu ya chumbani.

Tuombeane.
Aidani

*

Songea
30 Machi 1992

Aidani,

Natumaini hamjambo nyote. Sisi hatujambo, Fidelisi ana mafua, anaugua kama wanaume wanavyougua mafua, yaani nyumba nzima inaugua. Pombe ya ulanzi imeanza kushuka kutoka Madaba na mwenyewe anasema ndiyo dawa.

Nimefuata maelezo yako. Njiti nimeomba kwa fundi baiskeli wa stendi, waya nimenunua dukani, maana siku hizi hata shaba inauzwa kwa mita. Kile kipande cha nyuma ya kabati sikukigusa, kilikuwa kimebaki kizima na mkono wangu haupiti vizuri. Nimeupeleka waya kushoto na kulia kama ulivyosema. Shemeji yako alisimama mlangoni akanishauri mambo ambayo hayajui. Nilipowasha, treni yako ikaondoka Mtwara peke yake, yangu imesimama kimya. Aidani, nilipiga kigelegele. Mwalimu mzima.

Ilipita Masasi, ikapita Nakapanya, ikapita Tunduru. Ilipoingia nyuma ya kabati, Namtumbo, ikafa. Nikaisukuma kwa kidole mpaka Songea, hata Songea kwenyewe haina uhai. Nimejaribu tena na tena. Umeme hauvuki Namtumbo. Fidelisi anasema ndiyo kawaida ya serikali, kila kitu kinakwama kabla ya kufika Songea. Nifanyeje?

Lakini nina neno na wewe. Barua yako nilimsomea baba. Alikuwa amekaa vizuri kusikiliza, nimemvalisha na shati. Nikasoma mpaka mwisho, nikaona ananitazama bado. Akaniuliza, "Hajanisalimia?" Nikatazama karatasi, nikaona kweli, mdogo wangu, umemtaja baba kila mstari na salamu hata moja hukumpa. Nikamdanganya kuwa ipo kwa nyuma. Akaomba nimwonyeshe.

Una nini na baba? Kama kuna jambo kati yenu, yeye halijui. Ukijibu, mwandikie hata mstari mmoja.

Yasinta

*

Mpika
4 Mei 1992

Dada,

Shikamoo. Sisi ni wazima.

Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta namna ya kuijibu bila kukukosea adabu. Naona hakuna, basi nisamehe.

Acha sasa, dada. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaokwenda shule. Najua baba amefariki. Nilijua tangu uliponiandikia mgonjwa kidogo, kaza moyo. Ni maneno yaleyale mliyoniandikia mwaka themanini na tatu. "Mama mgonjwa kidogo, kaza moyo, ukipata nafasi uje." Nikapata nafasi, nikaja, nimembebea mama kitenge na sukari. Nikashuka kwenye basi pale stendi, na muuza karanga ambaye hata simjui jina ndiye aliyenipa pole ya msiba. Mama alikuwa na wiki mbili kaburini. Nyumbani mkanipokea mzigo, mkanipa maji ya kuoga, mkanipa chakula, na mimi nikala nikisubiri mtu aseme. Najua ndivyo inavyofanywa kwetu. Mtu aliye mbali hapigwi na habari kama jiwe, apewe kidogokidogo. Ni huruma. Lakini mimi sitaweza kuipokea huruma hiyo mara ya pili.

Hamisi naye aliposoma alikunja barua akasema, "Aidani, hapa hakuna mgonjwa. Kwetu Nakapanya mgonjwa kidogo ni yule aliyekwisha zikwa." Kwa hiyo nimenyoa. Padre wa hapa amesoma misa. Majirani Wabemba walikuja, walikaa nje na sisi, wakaimba nyimbo zao ambazo sizielewi zote lakini nililia vizuri. Nimemlilia baba, nimemaliza. Ndiyo sababu sikuja. Sitaki tena kufika nikakuta udongo mkavu.

Na hayo ya baba kuvaa shati na kuomba salamu, yameniumiza kuliko yote. Najua unayaandika kwa upendo. Usiyaandike tena.

Treni iache hapo Namtumbo. Inatosha.

Mdogo wako,
Aidani

*

Songea
21 Mei 1992

Aidani,

Sikusalimu. Soma mstari unaofuata, na Hamisi aje ausome, na Adela ausome.

Baba yupo hai.

Naliandika hili kama ninavyowaandikia watoto ubaoni. Sasa hivi ninapoandika yuko nyuma yangu anakohoa, amekataa uji kwa sababu una moto.

Barua yako ilinifanya nikae chini jikoni. Kwanza nilimtuma Remmy wa shangazi posta kupeleka simu ya maandishi. Nilimwambia aandike: BABA HAJAFA NJOO. Remmy akarudi anatabasamu, nikamwuliza ameandika nini. Akasema, "Dada, mambo ya kufa hayaandikwi hivyo kwa mtu wa mbali. Nimeweka lugha nzuri." Ameandika: MZEE MGONJWA NJOO KAZA MOYO. Nilitaka kumpiga na mwiko. Sijui kama imekufikia. Kama imekufikia, ichane.

Na sasa nitakuambia yote, maana adabu yangu ndiyo iliyotufikisha hapa. Baba alipata kiharusi mwezi wa Novemba. Mkono na mguu wa kushoto havifanyi kazi. Maneno yanatoka mazito, mengine yanabaki mdomoni, ndiyo sababu niliandika kuwa hapendi kuongea, kumbe anapenda, hawezi. Daktari amesema kikija cha pili hakitamwacha. Nilikuficha kwa sababu uko mbali na niliogopa utaumia peke yako. Niliandika kidogo nikidhani utaelewa kuwa ni kingi. Wewe ukaelewa zaidi ya kingi.

Najua hutaniamini bado. Mimi mwenyewe ningekuwa wewe nisingeamini. Basi sikiliza.

Jana nilimsomea barua yako, yote, hata ya misa. Fidelisi alinikataza, nikakataa kukatazwa. Baba alisikiliza mpaka mwisho akacheka na ule upande wa mdomo unaocheka. Akauliza kama Wabemba waliimba vizuri. Halafu akanionyesha kabati, akasema, na nilimwomba arudie mpaka nikapata kila neno:

"Mwambie Aidani, pale Namtumbo ni rozari ya mama yake. Ile ya Yasinta."

Nikadhani akili zimehama. Nikamwita Fidelisi tukasogeza kabati. Aidani, nimeiona. Waya ulikuwa umekwisha, na ninyi mkaunga ncha mbili kwa mnyororo wa rozari ya mama, ile ya shaba, niliyoahidiwa ya komunyo yangu ya kwanza. Shanga mmezing'oa. Imekuwa nyeusi kabisa, ndiyo maana umeme hauvuki. Mimi niliambiwa imepotea kisimani. Niliitafuta kisima kizima. Nilipokea komunyo na rozari ya kuazima ya Kunegunda, jirani, yenye shanga za plastiki, na mama akaniambia Mungu hatazami shanga.

Baba anasema mama mwenyewe ndiye aliyewapa, mlipokwama usiku wa kuamkia sikukuu, akawaapisha msiniambie. Mama hayupo. Baba anasema mliokuwa chumbani ni ninyi watatu. Sasa nieleze mimi nimeyajuaje, kama baba amekufa.

Barua hii nampa dereva wa lori la mahindi anayekwenda Makambako. Ataikabidhi kwa mtu wa treni aje akupe mkononi.

Ile rozari tutazungumza ukifika.

Yasinta

*

Mpika
3 Juni 1992

Dada,

Shikamoo. Barua imefika kwa mkono wa dereva wa treni, amenikabidhi nikiwa chini ya injini na mafuta mpaka kwenye masikio. Nimeisomea hapohapo chini. Hamisi alinivuta miguu akidhani nimeumia.

Mama alisema, "Yasinta asijue, atalia mpaka Pasaka." Ndivyo alivyosema. Hakuna mtu mwingine anayejua.

Mwambie baba shikamoo. Mwambie shikamoo, mwambie shikamoo. Nimeomba ruhusa nimenyimwa, nimeomba tena nimepewa siku kumi na nne. Natoka Jumamosi.

Majirani nimewaambia. Waliniangalia sana. Mzee mmoja akasema katika maisha yake ameona wafu wengi lakini hajaona aliyerudi kwa barua. Nimelazimika kuwapikia pombe ya kuwarudishia machozi yao. Padre anasema misa haipotei, itamngoja.

Usiisafishe ile rozari. Nisubirini.

Aidani

*

Mpika
2 Agosti 1992

Dada yangu,

Shikamoo. Nilifika salama. Basi liliharibika mlimani, tukalala Njombe, baridi ikatula. Makambako nilipanda treni nikiwa nimekumbatia lile tenga la magimbi yako kama mtoto mchanga. Adela amefurahi. Kazini jina langu bado halijawekwa ukutani, na sasa sijali sana kama zamani.

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu narudi kwenye chumba kile. Nakumbuka nilivyoingia na baba akanitazama kichwani, nywele zikiwa zimeota bila kulingana, akasema, "Umenyoa vibaya." Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi njia nzima. Nilikaa chini nikaweka kichwa kwenye magoti yake. Wewe ulitoka ukajifanya unaita kuku. Nilikuona, dada.

Nakumbuka tulivyomsogeza karibu na kabati ili asimamie kazi. Alivyokataa nisiitoe rozari. Nilitaka kuweka waya mpya, jambo la dakika chache, akatikisa kichwa. Tukaisugua pete kwa pete na majivu na ndimu, wewe ukinung'unika kuwa tunafanya ibada kwenye wizi. Na jioni ile umeme wa mji ukakatika tulipokuwa tayari kabisa, Fidelisi akalaumu vyama vingi. Tukakaa gizani na taa ya chemli, na baba akaanza kuzungumza juu ya Bruda Otto, maneno yakimtoka polepole, na mimi nikatambua kwamba sijawahi kukaa hivyo naye tangu nilipokuwa na miaka ishirini. Niliondoka kuifuata reli ya Makambako ilipofunguliwa, na barua zangu zote za miaka hiyo zilikuwa za kuuliza bei za vitu.

Halafu asubuhi. Wewe na swichi yako, mimi na yangu. Yako imetangulia, kama kawaida yako. Yangu ikapita Tunduru, ikaingia Namtumbo, nikaona cheche moja ndogo pale kwenye mnyororo, halafu ikatoka upande wa pili inatembea. Baba aliomba swichi. Nilimpa yangu, ukampa na yako, akaziweka zote kwenye mkono wa kulia, akaziendesha treni mbili peke yake, moja ikienda na nyingine ikiingoja Masasi. Tulikuwa watu wazima wawili tumesimama tunangoja zamu. Nilifurahi, dada, furaha ya kutosha, na nikasikia uchungu hapohapo kwa sababu nilijua naondoka Alhamisi.

Siku ya kuondoka ulinisindikiza stendi, na nilikuomba jambo moja, ukaitikia kwa kichwa. Nalirudia hapa ili liwe kwa maandishi. Siku ikifika, niandikie wazi. Usinipe maji ya kuoga. Usinikazie moyo. Niandikie kama ulivyoniandikia ile ya Mei.

Mwambie baba shikamoo. Mwonyeshe hapa ilipoandikwa, asije akaomba tena.

Aidani

*

Songea
14 Oktoba 1992

Mdogo wangu Aidani,

Baba amefariki.

Amefariki juzi Jumatatu, saa nne asubuhi, kitandani kwake. Kiharusi cha pili kilimpata Jumapili baada ya misa. Tumemzika leo karibu na mama. Natuma habari kwa maandishi haya badala ya kumtuma Remmy posta, ndiyo maana imechelewa kwa siku hizi mbili, na itakufikia wakati matanga yameisha. Nisamehe kwa hilo. Njia ya lori ndiyo ya haraka niliyo nayo.

Nakuandikia kila kitu. Jumamosi alikuwa mzima, tulimtoa nje akaota jua. Jioni alikula ugali kidogo na likolo, mboga ya majani ya maboga, akalalamika kuwa halina chumvi. Kweli halikuwa na chumvi. Alimwuliza Fidelisi kama atapanda mapema mwaka huu. Usiku alilala vizuri. Jumapili alisikiliza misa redioni, na ilipokwisha nilikuta mkono wa kulia nao umelegea. Hakusema tena. Macho yalikuwa yanatufuata mpaka usiku. Jumatatu nilikuwa nimemshika, nikahisi pumzi inachelewa, halafu inachelewa zaidi, halafu nikangoja nyingine na haikuja. Hakuhangaika. Sikuamini kwa muda, nikaendelea kumshika.

Watani Wahehe walikuja wakalala barabarani kuzuia jeneza, wakasema mzee huyu alikwisha liliwa matanga na mwanawe huko Zambia, sasa anataka matanga mara mbili kwa nini, ana uroho gani. Watu walicheka mpaka kaburini. Sikujua habari ile imefikaje kwao. Nadhani ni mume wangu.

Nimeandika mstari ule wa kwanza nikachana karatasi mara nyingi. Mkono ulikuwa unataka kuandika mgonjwa kidogo.

Dada yako,
Yasinta

*

Mpika
1 Novemba 1992

Dada Yasinta,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Ulikuwa peke yako naye na ulimshika. Shemeji Fidelisi naye mpe pole, na umwambie namshukuru kwa kuwapa Wahehe kazi.

Barua imefika jana. Nilipoona mstari wa kwanza niliugeuza ukurasa chini, nikaenda kunawa mikono, nikarudi nikasoma yote nimesimama. Niliogopa kuwaambia watu. Ningewaambiaje? Nilikwisha waliza mara moja, nikawarudishia machozi yao. Nikasema nitakaa nalo ndani, na nikaona hata machozi yenyewe sina uhakika nayo, maana yale ya kwanza nilitoa mengi kwa mtu ambaye alikuwa anakataa uji kwa sababu una moto.

Hamisi ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba bila kuniuliza. Mlango wa kwanza walicheka. Wakamwuliza, baba wa Aidani anakufa mara ngapi? Hamisi akawaambia, "Safari hii dada mtu ameandika mwenyewe, na ameandika kwa jina lake." Wakaja. Safari hii hawakuimba sana. Walikaa tu, na yule mzee aliyenitania mara ya kwanza akaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, nikaona ninaweza kumjibu. Nilimwambia alikula ugali na likolo Jumamosi jioni, akalalamika chumvi. Mzee akasema huyo alikuwa anaishi mpaka mwisho. Hapo ndipo nikalia.

Mstari wako uliniuma, dada, sitakudanganya. Lakini sikubaki nikijiuliza kitu. Najua siku, najua saa, najua jua aliloota. Nikilala naweza kwenda naye tangu Jumamosi mpaka ile pumzi ambayo haikuja, na nikifika hapo nasimama pamoja na wewe.

Ya mama sijui. Miaka tisa imepita na sijui hata alikuwa upande gani wa nyumba. Sijathubutu kuuliza, na ninyi hamkuthubutu kusema. Ukipata nafasi, dada, kaa uniandikie na ya mama. Anza na alichokula.

Aidani